Mfalme Aliyeitwa Bwana

Mlango wa nyumba ya akina Ngom ulikuwa wazi, kama milango yote ya mtaa ule wa Guédiawaye, kando ya Dakar, saa za alasiri, lakini Malang Badji alisimama nje asiingie. Jumapili alikuwa amemwangusha Waly Ngom mbele ya nchi nzima, wakamvika ukanda na kumwita mfalme wa uwanja. Leo Jumatano jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni kwa kuuogopa mlango wa mabati. Niamini ninachokwambia: mwanamume akishakosa, kifua chake hakimsaidii kitu.

Alikuwa na sababu. Waly aliyemwangusha alikuwa kaka yake Tening, na Tening ndiye msichana aliyetaka kumwoa.

Asubuhi ile kocha wake, Mzee Landing, alikuwa amempa maarifa. Mzee Landing alikuwa Mjola kama yeye, na ndiye aliyempokea miaka ile alipofika Dakar kutoka Bignona na begi moja, hajui hata kufunga kitambaa cha mieleka kiunoni.

"Wale ni Waserer," alimwambia. "Wewe Mjola. Ni watani wako tangu enzi za mabibi. Ingia, piga magoti, sema, 'Mimi mtani wenu nimekuja.' Basi. Hawana pa kukimbilia. Mtani akiomba, hanyimwi."

"Hata kwa hili, mzee?"

"Hata ungewachomea nyumba. Desturi ni desturi. Kapige magoti, halafu urudi mazoezini, tumbo linakutoka."

Malang alishika njia na maneno hayo kichwani, lakini kila alipoukaribia mtaa ule yalizidi kupoteza uzito. Sasa hapa mlangoni alisikia cherehani ya Tening ikilia barazani, akajua kwamba akirudi nyuma leo hatarudi tena. Akapiga hodi.

"Karibu," sauti ya Mama Dibor ikaitika.

Karibu tu. Malang alitamani ardhi ipasuke. Siku zote, kabla hata hajamaliza hodi, mama huyu alikuwa akipiga kelele ya kuamsha mtaa: "Fungeni jiko! Mjola kaingia! Wali una wenyewe!" Naye hujibu kutoka uani, "Nimekuja kukusanya watumwa wangu, mama, nianze na wewe!" Halafu watacheka wote, atavutwa mkono, atakalishwa mkekani na kujaziwa sahani. Katika nyumba ile hakuwahi kuitwa kwa jina lake. Alikuwa mtumwa, mla wali, mwizi wa masufuria, na moyo wake ulikuwa umenenepa kwa matusi hayo kuliko kwa chakula.

Alivua viatu, akavipanga pembeni mwa mlango, akaingia uani.

Mama Dibor alikuwa akipepeta uwele. Aliweka ungo chini, akainuka, akajifuta mikono. "Karibu, Bwana Badji," akasema. "Nyumbani hawajambo? Kazi zinaendeleaje? Kaa kwenye kiti, tafadhali."

"Mama, mkeka unatosha."

"Hapana, bwana. Mgeni hakai chini."

Akaletewa kiti cha plastiki kilichopanguswa vumbi. Akaletewa maji katika glasi ya wageni, na kisahani chini yake. Malang aliishika glasi ile kwa mikono miwili akashindwa kuinywa. Laiti angemtemea mate usoni! Mtu anayekutemea mate bado anakujua.

Waly alikuwa ameketi mkekani, bega limefungwa bendeji. Alipunga mkono kwa adabu. "Hongera kwa ushindi, Bwana Badji."

Na Tening? Tening hakuinua macho. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, na kitambaa cha rangi ya maziwa kilipita chini ya sindano pole pole. Malang aliitazama shingo yake, na ule mkufu mwembamba aliokuwa akiuchezea kila akicheka. Zamani Tening alikuwa akijua kumtazama hata kwa kisogo. Alikuwa na namna ya kuinamisha bega ili yeye alione na wengine wasione. Leo bega halikutikisika.

Lazima niseme alichokuwa amefanya Malang, ingawa kinaniudhi hata kukisimulia.

Pambano la Malang na Waly lilipotangazwa, Tening hakulia. Ndugu wa damu na mchumba kukutana uwanjani si jambo geni pale. Mieleka ni kazi kama kazi nyingine. Alichana kipande cha kitenge chake mwenyewe akamshonea kitambaa cha kiunoni, kama wanawake wa kwao wafanyavyo kwa wanaume wanaowapenda, akamkabidhi na kumwambia jambo moja. "Mwangushe kwa mikono, Malang. Ukiweza. Usimwangushe kwa mdomo."

"Mdomo wangu una nini?"

"Una njaa," alimjibu, akicheka. "Nyie wala wali."

Kisha ikaja siku ya wapiganaji kukutana mbele ya kamera na ngoma, kila mmoja ajisifu na kumkejeli mwenzake. Waly alianza. Akasema Malang ni mtumwa wake, kwamba babu yake Malang alikuwa akimchotea babu yake maji kwa kikapu na bado anashangaa kwa nini hayafiki. Ukumbi ukacheka, Malang naye akacheka, maana ulikuwa utani safi. Ikawa zamu yake. Alicheza, alijipiga kifua, alijisifu tangu siku alipokuwa akipigania magunia ya mchele vichochoroni, mpaka maneno yakamwishia na ngoma bado zinamdai. Watu walikuwa wamesimama. Jasho na sifa vikampanda kichwani. Ndipo ulimi wake ukaenda kuchukua pale usipotakiwa kugusa.

"Fahali wa Ngom ana pembe! Ana nundu! Ana mlio! Haya, muulizeni ndama wake yuko wapi! Ndella hakukimbia njaa, alikimbia zizi tupu!"

Ukumbi ulilipuka. Wote walidhani ni utani. Mjola kamtania Mserer, kuna ubaya gani? Lakini haukuwa utani, ilikuwa kweli tupu. Ndella, mke wa Waly, alikuwa ameondoka bila mtoto, na mtaa wote ulimlaumu yeye mwanamke. Majibu ya daktari yaliyosema tatizo ni la mume yalijulikana na watu watatu tu wa nyumba ile. Mmoja wa hao watatu alikuwa amemweleza Malang, kwa kumwamini.

Waly alitabasamu. Hilo ndilo lililomchoma Malang baadaye kuliko yote: alitabasamu, kwa sababu mtani hakasiriki. Tening alikwenda kambini kwa Malang kesho yake, akachukua kitambaa chake kwenye kamba ya kuanikia, kingali na maji, akaondoka nacho.

Na Jumapili uwanjani, wapiga ngoma wa kambi ya Malang hawakuhitaji kuimba. Walipiga mapigo ya yale maneno tu, na maelfu ya watu wakayajazia wenyewe. *Ndama wake yuko wapi?* Mikono ya Waly ilishuka kidogo, kama mtu aliyeitwa na mtu nyuma yake. Malang akaingia miguuni, akamnyanyua, akamtupa mchangani. Hata vumbi halikuruka sana. Hivyo ndivyo mgeni wa Bignona alivyokuwa mfalme.

Sasa mfalme amekaa juu ya kiti cha plastiki, na maji hayapiti.

"Kaka Waly," akaanza. Alikuwa na mpango alioutunga njiani, na mpango wenyewe ulimlenga Tening. Alitaka kumvua lawama. "Lile neno nililolisema siku ile... nililisikia huko mjini. Sokoni. Watu wa sokoni ndio walioniambia. Nilitaka ulijue hilo, usimdhanie mtu wa nyumbani."

Cherehani ikanyamaza.

Waly alimtazama. "Sokoni," akarudia.

"Ndiyo, kaka."

"Tening ameshaniambia mwenyewe," Waly akasema kwa upole. "Jumatatu. Alikuja hapo ulipokaa, akapiga magoti, akasema, 'Ni mimi niliyemwambia.' Sikumuuliza. Alikuja mwenyewe."

Damu ilimpanda Malang usoni mpaka masikio yakavuma. Amekuja kuomba radhi, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwake ni uongo! Mbele ya msichana aliyekwisha kusema kweli kwa magoti, tena kweli isiyomfaa. Aliinamisha kichwa akaiona mikono yake mikubwa juu ya mapaja, ile iliyopigwa picha na magazeti yote, akaiona haina kazi.

"Nisamehe," akasema. "Nimesema uongo. Nilifikiri..."

"Ulifikiri utamsaidia," Waly akasema. "Ahsante kwa hilo."

"Kaka, usinishukuru. Nitukane!"

"Kwa nini nikutukane, Bwana Badji? Wewe ni mgeni wetu."

"Nitakwenda redioni! Nitasema nilizua. Nitasema hadharani kwamba ni uongo mtupu!"

Waly akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Hivi huko Bignona mnalishwa nini? Leo wapo wanaodhani ni utani. Ukikanusha, watajua wote kwamba ni kweli. Nani anakanusha utani?"

Ilikuwa hivyo hasa. Lile neno lisingerudi, na hapakuwa na mahali pa kulifuata. Malang aliteleza kutoka kitini akapiga magoti kwenye mchanga wa ua, mbele ya mkeka. Hakuwa amepanga. Na sasa, kwa kuwa yuko magotini, yale maneno ya Mzee Landing yakaja yenyewe, mepesi, tayari kusemwa.

"Mimi mta..."

Akaona uso wa Mama Dibor. Mama alikuwa ameketi tena na ungo wake mapajani, na uso wake ulikuwa umechoka kama wa mtu anayeona mvua inakuja na nguo ziko nje.

"Sema tu, baba," mama akasema. "Tulijua utakuja nalo. Ukilisema tutakusamehe, hatuna ujanja. Waliotangulia walishaamua. Sema, tusamehe, uende."

Malang aligeuka akamtazama Tening, na kwa mara ya kwanza Tening alikuwa akimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Hayakuwa na chuki. Yalikuwa yakisubiri, na Malang akatambua yanasubiri nini: kuona kama atachukua na hili la utani, kama alivyochukua lile la siri.

Neno likamkwama. Akalimeza.

"Hapana," akasema. "Sikuja kama mtani. Mtani hakosi, hata akisema nini. Mimi nimekosa."

Waly akasogea kidogo mkekani, bega likamuuma, akakunja uso. "Nikuulize. Uliposema, ulijua ni kweli?"

"Nilijua."

"Ulijua itaniuma?"

Ah! Angeweza kusema ngoma zilimpandisha, sifa zilimlevya. Yote yangekuwa kweli, na yote yangekuwa kichaka cha kujifichia. "Nilijua," akajibu. "Ndiyo maana nililisema. Maneno mengine yote yalikuwa yanakuchekesha. Nikatafuta lisilochekesha."

Mama Dibor alipitisha vidole kwenye uwele kana kwamba anatafuta jiwe.

"Sitetei ukanda wala siombi msamaha," Malang akaendelea. "Wala simwombi Tening. Naomba tu msimbebeshe yeye mzigo wangu. Yeye alizungumza na mtu aliyempenda. Mimi ndiye niliyepeleka ukumbini."

"Umemaliza?" Waly akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi nenda salama, Bwana Badji."

Malang akainuka, magoti yamejaa mchanga, akatoka bila kukumbuka kuaga. Tening alimfikia kwenye ujia, kabla ya mlango. Alikuwa bado na utepe wake wa kupimia shingoni. Walisimama karibu, wala hawakugusana. Malang aliisikia ile harufu ya ubani aliyokuwa akilala akiiwaza.

"Unajua kwa nini nilikwambia habari za kaka?" Tening akauliza kwa sauti ya chini.

"Tening, mama yangu, usi..."

"Nyamaza nikwambie. Siku ile ulilia. Ulinisimulia habari za baba yako, kwamba akili zilimtoka, kwamba anatembea sokoni Bignona bila nguo na nyinyi mnamfuata na shuka. Ukasema hakuna anayejua Dakar nzima. Ulilia mpaka ukalowesha mkono wangu. Nikaona nami nikupe la kwetu, ili tuwe sawa. Nikadhani tumebadilishana."

Malang alifumba macho.

"Baada ya maneno yako yale," Tening akaendelea, "kaka alirudi nyumbani akaniuliza, 'Wewe unakaa naye sana. Na mimi huna la kunipa nikaseme Jumapili?' Unajua nilimjibu nini?"

Alijua. Kama Tening angesema, maelfu yale yangeimba habari za baba yake. Hawakuimba.

"Nilimwambia, 'Sina.'" Machozi yakamdondoka, akayapangusa kwa kiganja, kwa hasira. "La kwako liko hapa bado. Sijampa mtu. Sasa nenda."

"Nakupenda, Tening."

"Najua unanipenda! Ndiyo inayoniuma. Ungekuwa adui ningelala."

Akageuka akarudi uani. Malang akavuka kizingiti, akaingia njiani, akatembea. Mchanga wa jua ulimchoma nyayo na hakuuliza kwa nini. Kama ungemkata koo siku ile, asingetoa damu, ingetoka aibu. Aliona aibu ya kushinda, aibu ya kusema uongo, aibu ya kupendwa na mtu aliyemzidi. Alikuwa amefika kwenye duka la kona, na wauza samaki wameanza kunong'onezana, "Mfalme yule! Mfalme!", aliposikia sauti ikipasuka kutoka nyuma ya ukuta wa akina Ngom.

"We mtumwa!"

Malang akasimama.

"We Mjola! We mla wali!" Ilikuwa sauti ya Waly, ile ya utani, imekwaruza, haijatumika siku nyingi. "Unaniachia makanyagio yako mlangoni kwangu nikayafanyie nini? Nyumba nzima inanuka Bignona!"

Malang akatazama miguu yake. Hakuwa na viatu. Na lile dubwana la mwanaume aliyekuwa hajui kulia ila mbele ya mtu mmoja, akasimama katikati ya njia mchana kweupe, machozi yanamtoka, wauza samaki wanamtazama. Waly hakusema amesamehe. Hakusema chochote cha namna hiyo. Lakini alikuwa amemtukana, tena kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Tening akatokea mlangoni na viatu mkononi. Hakukimbia. Alikuja mpaka nusu ya njia, akakirusha kimoja kikaangukia miguuni pa Malang.

"Vaa," akasema.

Malang akavaa. Akanyoosha mkono apewe cha pili.

Tening alikishika kiatu kile nyuma ya mgongo. Hakutabasamu, na macho yake yalikuwa bado mekundu, lakini bega lake la kushoto liliinama kidogo, kidogo sana, kwa namna ambayo yeye angeiona na wengine wasione.

"Hiki kinabaki," akasema. "Kaka akipona bega, na akipona na pale pengine, tutakuita uje ukichukue. Akikataa, utakuwa umetupa kiatu. Usije kabla hujaitwa."

"Nitasubiri."

"Usiseme utasubiri. Subiri."

Akaingia ndani, na mlango wa mabati, ambao haukuwahi kufungwa alasiri, ukafungwa nyuma yake.

Malang Badji akashika njia ya kambini, mguu mmoja una kiatu, mwingine unaruka ruka juu ya mchanga wa moto. Hakuita teksi. Alipita sokoni, na soko likaacha kuuza. Mama mmoja muuza maziwa mgando alishindwa kuvumilia, akaweka kibuyu chini, akashika kiuno.

"Haa! Mfalme wa uwanja mzima mzima! Na kiatu kingine kiko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Malang akawaacha wacheke mpaka wakatosheka, maana alikuwa akidaiwa kicheko kile.

"Nimekiacha kwa watani wangu," akasema, akaendelea kuchechemea.